Opija na Mwezi wa Yai

Niliitwa Migori kwenda kuishusha ndege. Aliyenipigia simu alikuwa Zuhura, binti wa marehemu Mzee Twaha, na alilitamka neno hilo kwa utulivu wa mtu anayezungumzia pazia au birika. Jengo la baba yake lilikuwa linabomolewa kupisha upanuzi wa barabara. Viti, mashine na rafu vilikwisha kuhamishwa. Ilibaki ndege peke yake, ikining'inia darini, na vijana wa kubomoa walikuwa wamekataa kuigusa. "Wasema yaonekana kitu cha mtu," aliniambia. "Nami nikawajibu ndiyo, ni cha watu wawili, na wote wako hai." Nilikuwa barazani kwangu Homa Bay, rundo la insha za wanafunzi likiwa mapajani, nikaliweka chini kwa uangalifu kana kwamba ndilo lililokuwa hatarini kuvunjika. Kisha nikampigia binamu yangu Owiti kule Rongo, aliko na duka lake la kutengeneza simu na taa za sola. "Bado iko?" aliuliza. "Na bado inaangalia kando?" Nikamwambia sikuuliza. "Haya, Adhiambo. Twende tuone."

Nilizaliwa wapi na nani alinilea ni mambo yenye mahali pake. Hapa nataka kukaa katika mwaka mmoja tu, ule uliokuwa kati ya kumaliza shule ya upili na kuingia chuo kikuu, mwaka ambao sisi tuliofaulu tuliungoja upite kama mtu anayengoja mvua chini ya kibaraza cha duka lisilo lake. Niliungojea kwa shangazi yangu mjini Migori, dada ya baba, ambaye kwa Kijaluo tulimwita Waya. Nyumba yake ilikuwa ya udongo uliosiribwa vizuri na paa la mabati, nyuma ya soko, na ninachokikumbuka zaidi si sebule yenye vitambaa vilivyofumwa bali jiko la nje, ambalo ukuta wake mmoja ulikuwa pia ukuta wa chumba cha Owiti. Owiti alikuwa mwanawe na rika langu. Tulikuwa tumefanya mtihani uleule. Mimi ukanifungulia mlango, yeye ukamfungia, na hakuna aliyelitaja jambo hilo wakati wa chakula. Tulikula ugali wa mtama kwa omena, au mboga chungu zilizolazwa katika maziwa, nami nikajifunza kwamba nyumba inaweza kulinyamazia jambo moja huku ikiyazungumza mengine yote kwa sauti kubwa.

Jambo lililonyamaziwa, yaani Owiti angekwenda wapi sasa, tulilisikia kupitia ukuta huo wa jiko. Baba Owiti alikuwa mchimba dhahabu katika yale mashimo ya watu binafsi yaliyotapakaa upande wa magharibi wa mji, ambamo mtu hushuka kwa kamba akiwa amefunga tochi kichwani. Masika yalikuwa yameanza, mashimo yamejaa maji, naye alikuwa nyumbani akiitengeneza baiskeli isiyoharibika. Jioni moja mimi na Owiti tulikuwa chumbani mwake, yeye akichonga kijiti kama kawaida yake, huku Waya akisonga ugali upande wa pili. "Mvua ikiisha naenda na huyu kijana," Baba Owiti alisema. Waya akamjibu papo hapo: "Uende na yeye wapi? Si ile mara moja alitoka huko hawezi hata kuongea?" "Atazoea." "Wewe umezoea?" Mwiko ulisimama. Sauti ya Baba Owiti iliporudi ilikuwa ya chini. "Ndugu yangu amezeeka. Nani atanishikia kamba? Kamba haishikwi na mtu baki, Mama Owiti. Mtu baki akiumwa na siafu anaachilia." Owiti aliacha kuchonga. Aliniambia, bila kunitazama, kwamba kilichomtisha mle ndani hakikuwa kina. Alikuwa ameinua macho kutafuta mdomo wa shimo akauona umekuwa mdogo kama kifungo cha shati, na tangu siku hiyo alikuwa akiota kwamba mtu anakifunga. Kwa hiyo sote wawili tulijua kalenda ya nyumba ile. Maadamu mvua ilinyesha, Owiti alikuwa salama.

Tulikokwenda kuisahau kalenda hiyo ni ukumbi wa video wa Mzee Twaha. Huyu alikuwa mfanyabiashara Mwislamu aliyetoka pwani zamani, mtu wa kanzu safi na maneno safi zaidi, na ukumbi wake ulikuwa ghala la kale la tumbaku ambalo kuta zake zilikuwa hazijaacha kunukia. Televisheni iliwekwa juu, ndani ya kizimba cha vyuma kama kuku wa thamani. Nje ya mlango Mama Pamela aliuza chai na chapati, na kwa kuwa mlango haukufungwa, alizitazama sinema zote bure, amesimama, upawa mkononi, akitoa hukumu. Filamu iliyopendwa kuliko zote haikuwa na jina, kwani mashine ilikuwa imeutafuna mwanzo wa ukanda. Ilimhusu rubani mmoja mzee na ndege yake itokayo na kutua majini, ndege ambayo haikuwahi kutengenezwa popote duniani ila kwa ajili ya sinema ile: injini mbili juu ya mabawa, tumbo kama la mtumbwi, safu ya madirisha ubavuni, na mkia uliopasuka mara mbili. Kijana aliyeajiriwa kutafsiri alisimama kando ya kizimba na kuchanganya lugha zote alizokuwa nazo. Ni yeye aliyeipa ndege jina la Opija, yaani mbayuwayu, kwa sababu ya mkia huo na kwa jinsi ilivyoyagusa maji na kuondoka. Waigizaji wote walikuwa warefu mno na wembamba mno, na kila walipojitokeza alipiga kelele: "Watu wangu, hawa hawajawahi kuona ugali!" Ukumbi ulicheka kila mara. Nami nilicheka. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza zaidi ya hapo.

Kisha ukumbi mwingine ukafunguliwa upande wa pili wa barabara, wenye picha kubwa za rangi mlangoni, na Mzee Twaha akaanza kuhesabu viti vitupu kwa macho. Alikuwa ameziona ndege ndogo ndogo ambazo Owiti alizichonga na kumwachia Mama Pamela azitundike kwenye kibanda chake. Asubuhi moja alituita. "Ewe kijana, waweza kunifanyia Opija? Nitundike hapa mlangoni, kila apitaye aseme ndiyo hiyo." Owiti akasema anaweza. "Sikwambii kitu cha kufanana. Nataka ile ile. Nitaisimamisha sinema, niiweke ndege yako kando ya kioo, nikiona tofauti nakurudishia. Lakini ikiwa ile ile," na hapa alionyesha kwa kidole chumba cha nyuma, kilichojaa redio na televisheni zilizokufa, "basi njoo ukae pale. Fundi wangu amehamia Kisumu, nami macho yangu hayaoni tena waya wa shaba." Tulipotoka tulitembea hadi sokoni. Hapo ndipo aliponiuliza, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, kama nilidhani masika yangekuwa marefu mwaka ule.

Kazi ya vipimo ndiyo iliyonipa nafasi, kwa kuwa nilijua hesabu na nilikuwa na muda. Mzee Twaha alituruhusu kuingia asubuhi, kabla ya watazamaji, na kuusimamisha ukanda, ila kwa sekunde chache tu. "Kanda ni kama kanga, wanangu. Ukiivuta pale pale kila siku itatoboka pale pale." Tulikuwa na mifuko myangavu ya mkate tuliyoipasua na kuinyoosha, Owiti aliubandika mmoja juu ya kioo, picha ikitetemeka na kukatwa na mistari myeupe, nami nikafuatisha kingo kwa kalamu ya wino mzito kabla Mzee hajasema "Basi, basi!" Tulipata ubavu wa ndege ilipokuwa imetia nanga, na uso wake ilipokuwa ikija moja kwa moja. Tatizo likawa ukubwa. Owiti alitaka kila futi ya ndege ya kweli iwe nusu inchi kwetu, lakini nani alijua ndege ya kweli ilikuwa na futi ngapi? Katika onyesho moja rubani alitoka mlangoni akiinamisha kichwa kidogo. Ikiwa tungejua kimo cha mtu mrefu, Owiti alisema, tungejua kimo cha mlango, na kutoka hapo ndege nzima. Akachukua tete refu, akaenda jikoni, akalisimamisha nyuma ya mama yake, ambaye ndiye aliyekuwa mrefu kuliko sote.

Waya aligeuka kama aliyeguswa na kaa la moto. "Owiti! Unanipima na tete? Kwani nimekufa lini?" Nilikuwa nimesahau, au sikuwahi kufundishwa, kwamba nyumbani kwao mtu hupimwa kwa tete siku moja tu, na siku hiyo hawezi kuuliza swali: hupimwa ili seremala ajue urefu wa sanduku. Owiti alijaribu kueleza habari za rubani. "Mwambie huyo mzungu wako alale chini, umpime yeye," Waya alisema, na tayari alikuwa amelivunja tete juu ya goti na kulitia motoni. Kutoka mlangoni Baba Owiti alicheka, kicheko cha kwanza nilichokisikia kwake tangu mvua zianze. "Mama Owiti, yeye alikuwa anakutafutia ndege." "Niende wapi na ndege? Pimeni mlango. Mlango hauna roho." Nasi tukaupima mlango wa jiko, ambao mtu mrefu huupita akiinamisha kichwa kidogo, sawa na rubani. Nimefikiri mara nyingi kwamba hasira ile ilitupa kipimo bora kuliko kile tulichokusudia.

Mwili wa ndege tuliutoa katika milingoti ya mkonge, ile inayochomoza katikati ya mmea ukikaribia kufa. Ikikauka huwa miepesi kuliko ubao wowote na hukatika kwa kisu cha jikoni. Ngozi ikawa karatasi ya mifuko ya simiti iliyolowekwa katika uji wa muhogo. Panga za injini zikatoka katika kopo la mafuta ya kupikia. Madirisha ndiyo yaliyotutesa. Katika picha yalikuwa na umbo la yai lililosimama wima, na kukata mayai yanayolingana katika plastiki ngumu ni kazi inayoweza kumfanya mtu mwema atukane. Owiti alikata, akalinganisha na mchoro, akatupa, akakata tena. Mvua ilipiga mabati kwa nguvu hivi kwamba tulizungumza kwa ishara, na harufu ya muhogo uliochacha ikaingia katika nguo zangu zote. Siku hizi, ninapokutana na wanafunzi wanaoniuliza furaha ni nini kwa matumaini kwamba nitataja kitabu, huwa nakikumbuka chumba kile, na sina la kuwaambia litakalofaa darasani.

Vielea vidogo chini ya mabawa vilihitaji ule mti laini kama sifongo unaoota majini, ambao wavuvi huutumia kuzishikilia nyavu zisizame, kwa hiyo tukaenda kwetu Homa Bay kuutafuta. Tuliupata kwa urahisi, na jua lilipotua tulikuwa ufukweni, samaki wa kukaangwa mbele yetu juu ya gazeti, Owiti akimnyonya mmoja kichwa kwa utaratibu. Mwezi mpevu ukachomoza upande wa Kendu Bay. Nilikuwa naeleza jambo, sikumbuki lipi, nikaona amesita, kichwa cha samaki kikiwa hewani. "Adhiambo. Mwezi wa Mzee Twaha ukoje?" Nikamuuliza mwezi gani. "Ule wa kwa sinema. Wakati Opija inatua." Nilifumba macho nikauona: rubani anashusha ndege juu ya maji meusi, na nyuma yake mwezi mkubwa mweupe, wima, mwembamba. Umbo la yai. Tulikuwa tumeutazama mara nyingi kuliko nyuso za jamaa zetu. "Hakuna mahali kuna mwezi kama huo," Owiti alisema taratibu. "Hata kwao." Aliinua dole gumba, akafumba jicho moja, akaupima mwezi wa juu ya ziwa kwa wima na kwa ulalo, kisha akamrudisha samaki kwenye gazeti. Hakumla tena.

Nilikuja kuelewa baadaye sababu yake, nayo ni nyepesi. Filamu ilipigwa kwa picha pana, na aliyeinakili alikuwa ameibana ili ienee katika kioo chembamba. Vimo vyote vilibaki kama vilivyokuwa. Mapana yote yalikondeshwa. Ndiyo sababu watu wa ile filamu hawakuwahi kuona ugali. Ndiyo sababu milango ilikuwa myembamba, na madirisha, ambayo tulikuwa tumeyakata kwa machozi, yalikuwa mviringo wa kawaida ambao mtoto angeukata kwa kufuatisha sarafu. Tuliporudi Migori tuliupima mwezi kwenye kioo, tukaona upana wake ni robo tatu ya kimo. Kwa hiyo ndege yetu, iliyokuwa imebakiza kupakwa rangi tu, ilikuwa na kimo sahihi, kwa hisani ya mlango wa Waya, lakini urefu wake na mabawa yake vilikuwa vifupi kwa robo nzima. Tulikuwa tumejenga, kwa uaminifu mkubwa, kosa la mtu tusiyemjua.

Mimi nilisema tuiache. Ilikuwa hoja nzuri na bado naiona nzuri: Mzee Twaha angeilinganisha na kioo, na kwa kioo kile ilikuwa ile ile, mvua zilikuwa zimeanza kurukaruka siku, Baba Owiti alikuwa ameitoa kamba nje na kuianika juu ya ua. "Yeye anataka ndege anayoijua," nilimwambia Owiti. "Mpe hiyo, ukae kwenye chumba chenye mwanga." Owiti alikuwa akiigeuza ndege mikononi. "Na kesho akiniletea televisheni yenye picha mbaya," alisema, "mimi nitamwambiaje ni mbaya? Si mbaya ndiyo itakuwa imeniandika kazi?" Jioni hiyo aliipasua kutoka puani hadi mkiani, akaokoa injini, panga na mkia, na kuanza upya. Nilikaa nikimtazama kwa hasira. Kisha nikachukua kisu cha pili, kwa kuwa mlingoti haujikati wenyewe.

Ndege ya pili ilikuwa nzuri kwa namna ambayo ya kwanza haikuijua: ndefu, tulivu, mabawa yake yamenyooka kama mikono ya mtu anayeamka. Tuliitundika kwenye boriti ya chumba kwa uzi wa mshipi ili rangi ikauke. Alasiri moja upepo uliingia mlangoni, nami nikiwa nimejilaza kwenye mkeka nikaiona ikizunguka polepole, ubavu wake ukifupika machoni mwangu, madirisha ya mviringo yakigeuka mayai, hadi kwa kitambo kifupi ikawa ndege ya kioo, Opija ya Mzee Twaha, bila tofauti. Kimo kilibaki vile vile. Urefu tu ndio uliopungua. Nikapiga kelele. Owiti alikuja, nami nikaizungusha kwa kidole na kuisimamisha palepale. Alifumba jicho moja. "Kwa hivyo ikikaa upande," alisema, "ni ile." "Itundike hivyo, na usiseme kitu," nilimjibu. Hakukubali wala kukataa. Nje mvua ilikuwa haijanyesha siku kadhaa, na kamba ilikuwa imekauka.

Siku ya kuipeleka, Baba Owiti alikuja nasi. Alikuwa amevaa buti zake za shimoni, zilizosafishwa, na sote tulielewa maana yake: njia ya kutoka ukumbini ingeelekea upande mmoja au mwingine. Watazamaji wa mchana walikwisha kuketi. Owiti alipanda kwenye benchi, akaifunga ndege kando ya kizimba, nami nikashusha pumzi nilipoona ameigeuza kidogo, kama tulivyoona chumbani. Mzee Twaha alisimamisha ukanda. Opija ikatetemeka kwenye kioo. Opija ikatulia hewani kando yake. Mzee alisogea, akarudi nyuma, akainamisha kichwa. "Ewaa! Ile ile! Mungu ni shahidi, ile ile!" Ukumbi ukapiga makofi. Kutoka mlangoni Mama Pamela alipaza sauti: "Hata kile kidomo chake! Owiti, leo chapati ni ya bure, lakini moja tu!" Nilimwona Baba Owiti akiinamia buti zake, na sikuweza kujua kama uso wake ulikuwa wa mtu aliyepoteza au aliyepona. Kazi ilikuwa imepatikana. Kilichobaki kilikuwa kushuka kwenye benchi.

Owiti hakushuka. Aliunyoosha mkono, akaishika ndege mkiani, na kuigeuza taratibu mpaka ubavu wake wote ukatukabili. Ukumbi uliguna. "Ah! Sasa imekuwa mamba!" mtu alisema. "Imevutwa kama chingamu!" mwingine akaongeza, na kicheko kikatembea benchi hadi benchi. Kwa kitambo hicho nilimchukia binamu yangu kwa moyo wangu wote. "Irejeshe, mwanangu," Mzee Twaha alisema kwa upole. "Ilikuwa sawa." "Nikirudisha itakufurahisha, Mzee. Lakini ndege yenyewe ni hii. Ile ya kwa kioo imefinywa." "Imefinywa na nani?" "Sijui. Naomba tu uangalie mwezi."

Mzee Twaha alimtazama, kisha akauendesha ukanda hadi mahali pale. Rubani akashuka juu ya maji, na mwezi ukasimama nyuma yake. Ukumbi mzima ukautazama, nadhani kwa mara ya kwanza. Mama Pamela ndiye aliyeleta sahani: aliingia bila kuombwa, akaifuta kwa leso yake, akampa Mzee, naye akaishika kando ya kioo, sahani duara na mwezi wa yai, akitazama huku na huku. "Kumbe," Mzee alisema mwishowe, karibu kwa kunong'ona, "ni mimi niliyekuwa nikiwakondesha hawa maskini." Mzee aliiweka sahani chini. "Fundi aliyepita alikuwa akinambia televisheni zangu zote ni nzima. Huyu keshanambia moja ni mwongo hata hajaifungua. Chumba ni chako, Owiti. Ila ndege nitundikie upande, tafadhali. Wateja wangu hawa, nikiwaletea ukweli wote kwa siku moja, watavuka barabara waende kwa jirani."

Nilimgeukia Baba Owiti. Alikuwa amesimama, kofia mkononi, akimtazama Mzee Twaha, na nilitarajia atazungumzia kamba. "Hicho chumba," alisema, kwa Kiswahili chake cha kujikaza, "kiko na dirisha?" "Kina dirisha," Mzee alimjibu. "Latazama barabarani. Asubuhi lapata jua." Baba Owiti alitikisa kichwa mara kadhaa kama anayepima uzito wa kitu. "Basi ni sawa," akasema, akatoka, na kwa mlango ulio wazi tuliziona buti zake zikipita kando ya meza ya chai na kushika njia ya magharibi, peke yake. Alipata mtu wa kumshikia kamba, mtu baki. Kwa miaka iliyofuata Waya hakuinjika maji ya ugali hadi asikie baiskeli uani. Baba Owiti alizeeka akafa kitandani, katika msimu wa mavuno, jambo ambalo Owiti hulitaja kila mara kama mtu anayegusa ubao kuhakikisha kwamba upo.

Yote haya yalikuwa akilini mwangu tulipoingia katika lile jengo wiki iliyopita. Lilikuwa tupu, na kwa kuwa lilikuwa tupu harufu ya tumbaku ilikuwa imerudi. Ndege ilikuwa palepale darini, karibu na mlango, imevaa vumbi kama manyoya, bado inaangalia kando. Zuhura alitushikia ngazi. Owiti, ambaye sasa ana miwani mbili na huitafuta ya tatu, alipanda polepole, akaukata uzi, na kunikabidhi kitu ambacho nilikuwa nimesahau wepesi wake. Tuliitoa nje. Chini ya mwavuli wa rangi zilizofifia alikuwa ameketi Mama Pamela, ambaye siku hizi chapati zake husukumwa na wajukuu, na ambaye kwa miaka hiyo yote alikuwa ameinua macho kuitazama ndege ile kila alipomimina chai. Owiti akainua Opija mbele yake kwenye jua, ubavu wote wazi, madirisha ya mviringo yakimetameta pale vumbi lilipofutika.

Mama Pamela aliitazama kwa makini. Akaweka kikombe chini.

"Hiyo siyo," alisema. "Nyinyi mmechukua ya nani? Yetu ilikuwa fupi."

Owiti alinitazama. Kisha akaigeuza kidogo.

"Eee," akasema Mama Pamela, na uso wake wote ukafunguka. "Sasa ndiyo hiyo. Mbona mlikuwa mmeificha?"